Bati ni letu, maneno ni ya nani? Kukisoma kitabu cha maboyi wa Elisabethville tukiwa Masisi na Walikale



Kitabu kizuri kuliko vyote nilivyosoma kuhusu Kongo ya migodi hakikuandikwa na profesa, wala na mwandishi wa habari kutoka Bulaya. Kilitolewa mwaka 1965 na chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, wale walioitwa maboyi, katika mji wa Elisabethville ambao leo tunauita Lubumbashi. Mwandishi wake ni André Yav. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina ni la Kifaransa, tena Kifaransa kisichonyooka. Ndani ni Kiswahili, kile cha Katanga, cha watu waliotumika, si cha darasani.

Wengi wetu tumemaliza chuo bila kukisikia hata siku moja. Mimi pia nilikipata baada ya kumaliza, na si kwa mwalimu. Maandishi yake yamewekwa mtandaoni, unaweza kuyasoma bure kwenye simu. Leo nataka kukipima kama tunavyopima kitabu chochote: kimefanya nini vizuri, kimeshindwa wapi. Halafu nataka kuuliza swali linalonisumbua mimi mtoto wa Masisi: kwa nini Rubaya na Bisie, ambazo dunia nzima inazitaja, hazina kitabu cha namna hii?

Kwanza tuelewane juu ya kitabu kama kitu cha mkononi. Huko Ulaya na Marekani kuna wasanii wanaotengeneza vitabu kwa mikono yao. Wanapanga herufi za madini moja moja, wanazipaka wino, wanakandamiza karatasi, wanashona kurasa kwa uzi, na mwisho wanatoa nakala chache tu. Baadhi yao wanapenda sana habari za migodi ya zamani, kama ile ya dhahabu ya California ya 1849. Ni vitabu vya kupendeza. Mara nyingi vinaishia kwenye kabati la kioo, kwa sababu bei yake mchimbaji hawezi kuigusa.

Sasa angalia zile herufi zimetengenezwa na nini. Tangu siku za Gutenberg, katika karne ya 15, herufi za kuchapia ziliyeyushwa kwa risasi, antimoni na bati. Risasi ni laini na inayeyuka upesi, antimoni inaifanya iwe ngumu, na bati linasaidia umbo la herufi litoke safi. Bati ni lile linalotoka katika kasiterite, jiwe ambalo Walikale inalichimba. Sisemi kwamba bati la Bisie lilichapa vitabu. Bisie ilianza kuchimbwa kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati herufi hizo zilikuwa zimekwisha kuachwa karibu kila mahali. Leo bati linakwenda zaidi kwenye kulehemu vifaa vya umeme, pamoja na hiyo simu unayosomea hapa. Lakini mfano huo haujaniacha. Eneo moja linatoa bati kwa dunia, na mambo yake lenyewe yanaandikwa na wengine. Kama tuna neno “risasi” Masisi, basi ni ile ya bunduki.

Turudi kwa maboyi wa Elisabethville. Wao hawakuwa na kiwanda cha uchapaji. Kitabu chao kilipigwa kwa mashine ya kuandikia, kikatolewa nakala. Mji waliouandika ulikuwa mji wa kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika mwaka 1910, mji ukaanzishwa mwaka huohuo, na tanuru la shaba likawashwa mwaka 1911. Kuanzia hapo watu waliletwa kutoka kila upande: wengine kwenda shimoni na kwenye tanuru, wengine kwenda jikoni kwa wazungu. Yav anasema kwa niaba ya hao wa jikoni.

Ukikifungua utakwama, kama mimi. Maneno yameunganishwa pale usipotegemea, mengine yamekatwa katikati. Nukta na mkato ni vya kutafuta. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekichapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo, alikuwa anakijua Kiswahili cha Katanga vizuri, lakini macho peke yake hayakumtosha. Ilibidi mwenzake Kalundi Mango wa Lubumbashi akisome kwa sauti, na kwa njia ya sikio maana ikafunguka. Mimi na wenzangu wawili tulijaribu vilevile, tukapokezana. Kweli, njo vile. Ukurasa uliokuwa kama ukuta unakuwa mzee anayeongea. Unasikia pale anapovuta pumzi, pale anaporudia neno ili usilisahau.

Hapo ndipo sikubaliani na wanaosema kwamba kitabu hiki ni ushahidi tu wa watu wasiojua kuandika. Mtu aliyekiandika alijua kusimulia, na karatasi aliitumia kama chombo cha kubebea sauti. Kile ambacho msanii wa Ulaya anakitafuta kwa gharama kubwa, yaani kitabu ambacho mkono wa mtengenezaji unaonekana ndani yake, maboyi walikipata bila kukitafuta. Kila kosa la mashine linaonyesha kwamba mtu alikaa hapo, akapiga herufi moja baada ya nyingine, bila mhariri na bila ruhusa ya bwana.

Halafu kuna jina lenyewe. Kwa nini “vocabulaire”, wakati kitabu si kamusi? Mimi naelewa hivi: kwa Kiswahili chetu “maneno” yana maana mbili. Ni maneno ya kusema, na ni mambo yaliyotokea. Mtu akikuambia “kuko maneno kule mugini,” hasemi kuhusu msamiati, anasema kuna jambo. Nadhani Yav aliweka maana zote mbili katika neno moja la Kifaransa. Anasimulia mambo ya mji, na anayasimulia kwa kutunza maneno ambayo watu wa mji walikuwa nayo. Kampuni na wakubwa wake hawaitwi kwa majina yaliyoandikwa kwenye mlango wa ofisi. Wanaitwa kwa majina waliyopewa na wafanyakazi, kama Bwana Changa-changa, jina ambalo masikioni mwangu lina sauti ya kuchanga na kukusanya. Ukiwa mtumishi huwezi kumchagulia bwana mshahara atakaokupa. Jina unaweza kumchagulia. Na jina hilo linaweza kuishi kuliko cheo chake.

Kuna sehemu inayowachanganya wasomaji wengi: habari za batumbula, watu walioaminiwa kukamata Waafrika usiku kwa ajili ya wazungu. Msomi wa haraka atasema huo ni uvumi, tuukate. Mimi nasema tuusome taratibu. Hofu hiyo ilikuwa na saa zake na njia zake. Nani alikuwa njiani usiku katika mji wa kikoloni? Ni yule aliyemaliza kuosha sahani za bwana wakati wengine wamekwisha kulala. Ripoti ya kampuni itakuambia tani za shaba. Haitakuambia kwamba mfanyakazi alirudi nyumbani akiwa anatetemeka, na kwamba aliona kuna uhusiano kati ya utajiri wa mji ule na miili ya watu kama yeye. Uvumi huo si ushahidi wa mahakamani, lakini ni ushahidi wa namna watu walivyoielewa kazi yao.

Sitaki kukisifu tu. Kitabu kina udhaifu, na tukiuficha hatujifunzi. Kwanza, kinautazama mgodi kutoka jikoni. Boyi alimjua bwana mkubwa kwa karibu: anakula nini, anamkasirikia nani, analewa siku gani. Lakini hakushuka shimoni. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma pale Elisabethville walipigwa risasi na askari kwenye uwanja wa mpira. Kuyajua mambo kama hayo kwa upande wa mchimbaji, kitabu cha watumishi wa nyumbani hakikutoshi. Pili, miaka inachanganyika. Mwanafunzi akikitumia kama orodha ya tarehe, atapotea. Tatu, kinasema “sisi” kwa sauti moja, kama vile maboyi wote walikuwa na wazo moja. Kila aliyewahi kukaa katika mkutano wa chama anajua kwamba haiwezekani.

Hata hivyo, udhaifu huo unatoka mahali palepale nguvu yake inapotoka: watu hawa waliandika walichokuwa wanakijua, kwa maneno waliyokuwa nayo, na hawakujifanya kujua zaidi. Ni adabu ambayo vitabu vingi kuhusu sisi havina.

Nitoe mfano wa kitabu kimoja kuhusu sisi. Mwaka 2012 shirika la Aperture la New York lilitoa kitabu cha picha kiitwacho Infra, cha mpiga picha wa Ireland Richard Mosse, alizozipiga huku mashariki mwa Kongo. Alitumia filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome, ambayo ilibuniwa kwa kazi za kijeshi, ili adui aliyejificha chini ya majani aonekane. Filamu hiyo inageuza majani mabichi kuwa rangi ya waridi. Kwa hiyo milima ya Kivu, ile tunayoijua kwa ng'ombe na jibini lake, inakuwa ya waridi mtupu. Wapiganaji wamesimama katika majani mekundu kama damu iliyochanganywa na maziwa. Mwaka 2013 kazi yake iliyofuata, The Enclave, iliiwakilisha Ireland katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice.

Kuna wanaokasirika wakiziona picha hizo. Mimi sikukasirika. Wazo lake ni la akili: vita hivi dunia haivioni, basi tumia filamu iliyotengenezwa kuonyesha kisichoonekana. Na hajidai kuwa mwenyeji. Rangi yenyewe inakiri kwamba anayetazama ni mgeni. Lakini nikikifunga kitabu hicho, najiuliza nimesikia neno gani la mtu wa huku, na sikumbuki hata moja. Maelezo ni ya Kiingereza. Insha iliyomo ni ya Adam Hochschild, mwandishi wa Marekani. Wale vijana wenye bunduki wanatazama kamera, hawasemi. Kilima ninachokiona ni kizuri sana, na hakina jina la shimo hata moja. Vivyo hivyo filamu ya Mdenmarki Frank Poulsen ya 2010, Blood in the Mobile, ilifika mpaka Bisie, kwa miguu msituni, na ilifanya kazi ya maana. Lakini swali lake lilikuwa kwa kampuni ya simu ya Ulaya. Bisie ilikuwa ushahidi katika kesi ya watu wengine.

Ndiyo maana namrudia Yav. Yeye hakutaka kumshawishi mnunuzi wa simu. Aliandika ili wenzake na watoto wao wajue. Ukibadilisha msomaji unayemwandikia, kitabu chote kinabadilika, mpaka maneno yake.

Basi kama sisi tungeandika vocabulaire ya Rubaya, ya Ngungu, ya Njingala na Bisie, tungeweka nini? Nachukua maneno matano tu, ambayo kila mtu aliyepita machimboni anayajua.

PDG. Mjini, PDG ni mtu wa suti na dereva. Shimoni, PDG ni mwenye shimo moja. Hana ofisi. Anawalisha wachimbaji, ananunua vifaa, anatafuta mkopo kwa négociant, na anangoja jiwe. Jiwe likitoka, gharama zinakatwa kwanza, ndipo watu wanagawana. Lisipotoka, deni linabaki. Mchimbaji anaweza kutumika miezi akawa na deni kuliko siku aliyofika. Mtu wa kwanza aliyempa mwenye shimo cheo hicho, sijui alikuwa anacheka au alikuwa anaota. Pengine yote mawili. Neno hilo limebeba uchumi mzima wa machimbo, na hakuna TFC ya uchumi niliyoisoma iliyolianza hapo.

Salongo. Wazazi wetu wanalikumbuka kutoka enzi ya Mobutu: kazi ya pamoja, kufagia, kulima, kutengeneza barabara, kwa lazima iliyovaa nguo ya uzalendo. Mobutu akaondoka, neno likabaki, likapanda mlimani. Machimboni salongo ikawa siku au saa ambazo unachimba kwa ajili ya mwenye bunduki. Kundi linabadilika, sare inabadilika, salongo haibadiliki. Ukitaka kujua kwa nini mchimbaji hashangilii sana anaposikia kwamba mlima “umekombolewa”, anzia kwenye neno hilo.

Jeton. Kikaratasi unachokilipia ili upite bariyeri. Utafiti wa shirika la IPIS, uliotoka mwaka 2017, ulihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Namba hiyo ni kubwa, lakini jeton inaeleza kitu ambacho namba haielezi: kwamba unyang'anyi umejifunza kuandika. Unalipa, unapewa karatasi, karatasi inakulinda mpaka bariyeri inayofuata, na huko unalipa tena.

Loi Obama. Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kikazitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo na majirani zake. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Watu wa machimbo wakayaunganisha mambo hayo mawili, wakayaita kwa jina moja: Loi Obama. Wakili atasema ni kosa, kwa sababu amri ya kusimamisha ilitoka Kinshasa. Lakini sikiliza jina linavyotumika: “Ile mwaka ya Obama, batoto habakusoma.” Kwa mama wa mchimbaji, sheria ni ile iliyofika nyumbani. Nia nzuri ya Washington ilifika Walikale ikiwa njaa, na neno limeitunza njia hiyo yote.

Étiquette. Kuanzia mwaka 2014 magunia ya koltani ya Rubaya yalianza kufungwa kibandiko cha mpango wa iTSCi, chenye namba, ili mnunuzi wa mbali aamini kwamba jiwe halina damu. Vibandiko vyenyewe navyo vikaingia biashara ya magendo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameyaandika hayo. Mimi naangalia jambo lingine. Kile kibandiko na daftari linaloandamana nacho ndiyo maandishi pekee yanayosafiri pamoja na jiwe kutoka mlimani. Ni kama kitabu cha machimbo ambacho dunia inakisoma. Na kitabu hicho kina kilo, kina namba, kina tarehe. Jina la aliyechimba, deni lake, kaka yake aliyefunikwa na udongo wakati wa mvua, hayamo. Weka kibandiko hicho kando ya ukurasa wa Yav uliojaa makosa ya mashine, uniambie ni kipi kinachofuatilia ukweli.

Najua kuna atakayesema: ndugu, wakati huu si wa vitabu. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kwamba kodi ya koltani inaliingizia kundi hilo takribani dola 800,000 kwa mwezi. Mwezi Machi 2025 vita vikafika Walikale-centre, na mgodi wa bati wa kampuni ya Alphamin pale Bisie ukasimamisha kazi kwa muda. Watu wamehama mara mbili, mara tatu. Nani ataandika msamiati?

Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuharakisha. Maneno hukaa kwa watu, na watu wanatawanyika. Mchimbaji wa Bisie aliyekwenda kuendesha moto Kisangani baada ya miaka mitatu atakuwa na maneno mengine. Yav na wenzake waliandika mwaka 1965, miaka mitano tu baada ya uhuru, wakati mabwana wengi walikuwa wamekwisha kuondoka na wao wamebaki na kumbukumbu na mifuko mitupu. Mwaka uliofuata mji ukabadilishwa jina. Wangengoja kidogo, hata “Elisabethville” ingekuwa neno la wazee tu.

Kuna sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Huku kwetu historia inaua. Nani alifika kwanza, nani aliletwa na Wabelgiji mwaka 1937, ardhi ni ya nani: kila kabila lina kitabu chake kichwani, na vitabu hivyo vimebeba mapanga. Sisemi maswali hayo yafutwe. Lakini ona kwamba maneno matano niliyoyataja hayana kabila. Salongo imemchimbisha Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga, Mtembo na Mkumu. Jeton ilimsimamisha kila mtu. Historia ya kazi ni mahali ambapo watu wa Masisi na Walikale walikuwa pamoja, hata kama hawakupenda. Kitabu cha maneno ya kazi hakitaleta amani, tusidanganyane. Kinaweza tu kutupa ukurasa mmoja ambao tunaweza kuusoma pamoja bila mtu kutoka nje ya chumba. Kwa sasa sijui ukurasa mwingine wa namna hiyo.

Sasa, tufanyeje? Sina mradi wa wafadhili na sitaki tuungoje. Kila mwaka wanafunzi wa Goma, wa Masisi, wa Walikale wanaandika kazi zao za mwisho, na nyingi zinagusa migodi. Zinaanza na “cadre théorique”, zinaishia kwenye rafu ya vumbi. Naomba kitu kidogo. Kila atakayekwenda kufanya utafiti machimboni alete maneno kumi. Aandike neno kama linavyosemwa, nani analitumia, linalipwaje, lilianza wakati gani kwa kumbukumbu ya anayelisema, na mfano wa sentensi moja kwa Kiswahili kilekile alichokisikia, bila kukinyoosha. Pasiwe na jina la mtu wala la shimo lake, kwa sababu leo jina linaweza kumletea mtu kifo. Hapo tutatofautiana na Yav, na tutakuwa tumemheshimu. Tusiwasahau mama wanaoosha na kutwanga mawe, kwa sababu kama yeye aliuona mgodi kutoka jikoni, sisi tuna hatari ya kuuona kutoka mdomo wa shimo tu.

Halafu tupige chapa. Fotokopi inatosha, kurasa arobaini, uzi au pini mbili ubavuni. Nakala moja irudi kwa waliotoa maneno, nyingine ibaki kwenye maktaba ya kila chuo. Na kabla ya kuchapa, mtu mmoja aisome yote kwa sauti mbele ya wachimbaji wawili au watatu. Pale watakapocheka au kutukatiza, tujue neno tumelikosea, tulirekebishe. Kalundi Mango alimfundisha profesa wa Ulaya kwamba kitabu cha watu wetu kinasomwa kwa sikio. Somo hilo sisi tunalo nyumbani bila kulipa minerval.